Fundi wa rimoti aliyemfungulia mkwewe gari bila kuonana naye

LUKAYA, Uganda. Gorreti Babirye anaunusa ufunguo kwanza. Anausogeza puani kama mtu anayekagua maziwa ya jana, anafumba jicho moja, kisha anamtazama mteja wake, sista wa parokia ya jirani aliyesimama mbele ya kibanda huku amekumbatia mkoba.

"Sista, huu umefuliwa," anasema.

Sista anacheka kwa aibu. Anakiri kwamba aliusahau kwenye mfuko wa aproni, na aproni ikalowekwa kwenye beseni la sabuni usiku kucha. Tangu hapo gari la parokia limekaa uani, halifunguki wala haliwaki, na padri amekwenda kuadhimisha misa ya vijijini akiwa amepakiwa kwenye bodaboda.

Barabara kuu ya Masaka inanguruma kwa malori. Wauza kuku wa kuchoma na gonja, zile ndizi tamu za kuchoma, wanalikimbilia kila basi linalosimama, vijiti vya nyama vimeinuliwa hadi madirishani. Gorreti hageuzi shingo. Amelipasua ganda la ufunguo kwa kisu chembamba, ametoa betri ya duara ambayo haizidi kifungo cha koti, na sasa anaipiga mswaki ile saketi iliyoota ukungu mweupe wa sabuni. Ni mswaki wa meno wa kawaida, uliochovywa kwenye spiriti.

Anapuliza. Anakikunja kidogo kibati kinachoshika betri, kwa kuwa kimelegea. Anaweka betri mpya, anabana ganda, anausogeza ufunguo karibu na kipimo chake, kisanduku kidogo chenye taa moja. Anabonyeza. Taa inawaka nyekundu.

"Umefufuka," anamwambia sista, ambaye bila kufikiri anafanya ishara ya msalaba.

Hiyo ndiyo kazi ya Gorreti, mwenye umri wa miaka arobaini na saba, mke wa mkulima wa kahawa na mama wa mabinti watatu. Katika mji huu wa njiani, ambako magari ya Kampala husimama kula kabla ya kuendelea Masaka, yeye ndiye fundi wa funguo za rimoti. Siku nzuri humpatia shilingi elfu themanini za Uganda. Siku mbaya, anasema, humpatia umbea wa wauza kuku peke yake.

Ukimuuliza alikosomea, anacheka. Alisomea sakafuni, kwenye karakana ya baba yake, Ssalongo Yowana, aliyekuwa akitengeneza redio sokoni Nyendo. Jina la Ssalongo alilipata kwa kuzaa mapacha, na Gorreti ni mmoja wa mapacha hao. Pacha mwenzake alipenda kucheza nje. Yeye alipenda moshi wa lehemu.

Simu za mkononi zilipoanza kubeba redio ndani yake, karakana ya mzee ikanyamaza. Redio za watu zilibaki rafuni bila wenyewe kuzirudia. Gorreti alikuwa ameshaolewa Lukaya, akichoma gonja kando ya barabara kama wanawake wengine wa hapa, siku dereva mmoja alipopigwa na butwaa mbele ya gari lake akibonyeza ufunguo usioitikia. Gorreti aliweka koleo la mkaa chini, akaomba auone.

"Niliufungua nikacheka," anasimulia. "Nikasema, kumbe hiki ni kiredio. Kina antena yake, kina betri yake, kinatangaza neno moja tu na gari linasikiliza. Baba alinifundisha redio, basi na hii amenifundisha, ila hakujua."

Tangu hapo ametengeneza funguo za waganga, wachungaji, wabunge na wafanyabiashara wa samaki. Kuna uliotafunwa na mbwa. Kuna ulioangukia kwenye sufuria ya mchuzi wa njugu. Mara nyingi shida ni betri, au kibati, au kitufe kilichochoka kwa kubonyezwa. Mara nyingine ufunguo ni mzima na betri ya gari lenyewe ndiyo iliyokufa, na mwenye gari anabaki kuulaumu ufunguo bure.

Lakini ukisimama Lukaya ukataja jina la Gorreti, hakuna atakayekusimulia habari za sufuria ya mchuzi. Watakusimulia habari za jogoo.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nane, mwaka jana. Kibanda cha Gorreti kilikuwa kimefungwa, na mlangoni alikuwa ameandika kwa chaki kwamba fundi yuko kwenye sherehe. Binti yake mkubwa, Imelda Nassuuna, alikuwa anafanyiwa kwanjula, siku ambayo kijana huja na jamaa zake kujitambulisha ukweni. Mahema yalikuwa yamesimamishwa uani, nje kidogo ya mji. Matoke yalikuwa yanaiva kwenye majani tangu alfajiri. Wazee wa ukoo walikuwa wameshaketi, na walikuwa wameshatangaza kwamba wageni wakichelewa, lango litafungwa na wataambiwa warudi mwaka mwingine.

Wazee husema hivyo kila mara. Ila kwa upande wa Imelda kulikuwa na baba mdogo mmoja ambaye amewahi kulifunga kweli.

Gorreti alikuwa amevaa gomesi jipya, vazi refu la heshima la wanawake wa Kiganda, la rangi ya zambarau, amefungwa mshipi, anaonja chumvi, simu ilipolia. Alikuwa Robinah, muuza kuku ambaye meza yake inatazamana na kibanda chake. Robinah alimwambia kwamba msafara wa bwana harusi umesimama pale Lukaya ili watu wavae kanzu na kunyoosha viungo. Wamemaliza kuvaa. Ila gari la bwana harusi halifunguki, ufunguo hauitikii, na ndani ya gari kuna vitu vyote vya maana: kanzu ya baba, gomesi la mama, na jogoo.

Huyo jogoo si kitoweo. Ndiye anayekabidhiwa kaka wa bibi harusi, na kwa Baganda, asipopokelewa akiwa hai na mwenye nguvu zake, kaka hamtoi dada. Robinah alisema jogoo amefungiwa humo na vioo vimepandishwa juu kabisa kwa ajili ya vumbi, jua liko utosini, na anaonekana ameacha mdomo wazi.

"Vijana wanataka kuvunja kioo," Robinah alisema. "Mzee wao amekataa, anasema huwezi kuingia ukweni na gari lililovunjwa kama la mwizi. Wananiuliza kama kuna fundi hapa. Nimewaambia fundi yupo. Sijawaambia ni nani."

Gorreti alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa.

Hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Kwa mila za hapa, mama na mume wa binti yake hawagusani. Hawapeani kitu mkono kwa mkono, hawakai mahali pamoja, na mama akimwona mkwe anakuja njiani, hukata kona. Anayekiuka, watu huamini, hupatwa na obuko: mikono humtetemeka mpaka anaingia kaburini. Gorreti alikuwa na jirani utotoni ambaye hakuweza kushika kikombe, na kila mtu kijijini alijua, au alidhani anajua, kilichomponza.

"Wengine wanaweza kucheka," anasema Gorreti. "Mimi kazi yangu ni kulehemu kitu kidogo kuliko punje ya mtama. Mikono ikitetemeka, mimi sina kazi, sina kitu."

Alimwita mumewe, Matia, pembeni. Matia alisema tu kwamba Gorreti akienda ni hatari, na asipoenda, binti yao atavuliwa gomesi bila kuonwa na mtu. Sauti ikatoka nyuma ya pazia la jikoni.

Alikuwa Noelina, dada yake Matia, shangazi wa bibi harusi, ambaye kwa siku hiyo ndiye mwenye mamlaka makubwa kuliko mtu yeyote aliyevaa gomesi. Alikuwa amesikia kila neno.

"Mila imesema msigusane na msionane," Noelina alisema. "Haijasema usimtengenezee rimoti. Chukua vyombo vyako. Mimi nitakuwa mikono na miguu."

Wakapanda bodaboda moja, mafundo ya magomesi yao yakipepea kama bendera, Gorreti amekumbatia mfuko wa vifaa, Noelina ameshika viatu vya visigino mkononi. Walipofika karibu na stendi, Noelina alimwamuru dereva apite njia ya nyuma, kwenye jalala la manyoya ya kuku. Gorreti akaingia kibandani mwake kwa mlango wa uani, kichwa chini. Dirisha la mbele aliliacha limefungwa, isipokuwa ufa wa kupitisha mwanga.

Noelina alizunguka mbele, akavaa viatu, akatembea hadi kwenye gari kama aliyetokea mbinguni. Bwana harusi, Denis Kiyimba, kijana anayeuza vifaa vya umwagiliaji Kampala, alikuwa amelowa jasho ndani ya kanzu. Noelina hakujieleza sana. Aliazima sinia la plastiki la Robinah, akamwambia aweke ufunguo humo, asiulize fundi ni nani.

Kiyimba alimtazama yule mama aliyepambwa, akatazama kibanda kilichofungwa, akasoma yale maandishi ya chaki mlangoni. Baadaye alikiri kwamba hapo ndipo alipoelewa. Alirudi nyuma mpaka upande wa pili wa gari.

Sinia likaingia kwa mlango wa uani. Gorreti aliuchukua ufunguo, akaunusa kwa mazoea. Haukuwa na sabuni wala mchuzi. Alimtuma Noelina akaulize maswali: ni lini ulifanya kazi mara ya mwisho, uliangushwa, kuna wa akiba? Majibu yakaja kwa miguu. Ulifunga gari vizuri tu walipofika. Haukuangushwa. Wa akiba hakuna, gari lilikuja kutoka Japani na ufunguo mmoja, na kile kiufunguo cha chuma kinachofichwa ndani ya ganda kwa ajili ya siku kama hii hakikuwemo tangu mwanzo.

Aliufungua, akabadilisha betri, akakunja kibati, akausogeza kwenye kipimo na kubonyeza. Taa ikawaka. Alipumua. Akamkabidhi Noelina sinia, akamwambia kazi imekwisha.

Kazi haikuwa imekwisha. Noelina alifika kwenye gari, akabonyeza, gari likakaa kimya kama ukuta. Akabonyeza tena akiwa ameugusisha ufunguo kwenye kioo. Kimya. Ndani, jogoo alikuwa amelala ubavu.

Alirudi akichechemea, maana kisigino kimoja kilikuwa kimezama kwenye changarawe. Gorreti alifikiri amekosea. Aliupasua ufunguo upya, akaiangalia saketi kwa lenzi, akapitisha lehemu mahali palipomtia shaka, akajaribu. Taa ikawaka vizuri kuliko mara ya kwanza. Sinia likatoka tena. Gari likagoma tena.

"Wifi, huyu jogoo anatuaga," Noelina alisema kwa ufa wa mlango.

Gorreti anasema hapo alianza kuhisi vidole vyake. Si kutetemeka, ila alivihisi, kila kimoja, kama si vyake. Alijiuliza kama tayari amevuka mpaka bila kujua, kama hata kuushika ufunguo alioushika mkwe ni kosa. Aliviweka mezani, akavitazama. Vilikuwa vimetulia.

Na alipokuwa anavitazama, akaona kitu kingine. Kipimo chake, kisanduku kile kidogo, kilikuwa kimebaki mezani bila kuzimwa. Taa yake ilikuwa inawaka. Ufunguo ulikuwa nje, mikononi mwa Noelina, na hakuna aliyekuwa akibonyeza kitu.

Alikizima, akakiwasha. Taa ikawaka tena yenyewe. Akakisogeza nyuma ya kibanda, taa ikafifia. Akakirudisha karibu na dirisha la upande wa barabara, ikang'aa.

"Nikamkumbuka baba," anasema. "Kulikuwa na jioni redio zote za karakana zilikuwa zinapiga kelele, na yeye akawa anazifungua moja moja, mpaka akagundua kuwa tatizo ni jirani aliyejiundia mtambo wa kurusha muziki. Redio zilikuwa nzima. Zilikuwa zinazidiwa sauti tu."

Alimwita Noelina, akamuuliza kama kuna kitu chochote pale nje kinachorusha mawimbi. Noelina alisema hajui mawimbi ni nini, yeye anachosikia ni huyu mzee wao asiyefunga mdomo.

Kweli, tangu waingie, kulikuwa na sauti ikisikika juu ya stendi nzima. Gorreti alikuwa ameizoea kama mtu anavyozoea mvua. Alikuwa ni Mzee Kasirye, msemaji wa upande wa bwana harusi, aliyekuwa akifanya mazoezi ya hotuba ya kuombea mke. Alikuwa amenunua maikrofoni mpya isiyo na waya kwa ajili ya siku hiyo. Spika lilikuwa juu ya basi dogo la msafara. Na yeye mwenyewe alikuwa ameegemea mlango wa gari la Kiyimba, maikrofoni mkononi, akiwasifu wakwe ambao hawajamsikia.

Gorreti alimwambia wifi yake maneno machache: mwambie mzee azime hicho kitu.

Kusema ni rahisi. Siku ya kwanjula, kazi ya upande wa bibi harusi ni kumsumbua msemaji wa wageni, kumkatiza, kumtoza faini kwa kukohoa. Mzee Kasirye amefanya kazi hiyo kwa miaka mingi na hadanganyiki. Alipomwona shangazi wa bibi harusi anamjia na kumtaka anyamaze, alijua mchezo umeanzia barabarani. Akainama kwa heshima, akajibu kwa maikrofoni ileile, stendi nzima ikisikia, kwamba amepokea salamu za shangazi kwa unyenyekevu, lakini ulimi wake umetumwa na ukoo mzima na hauzimiki mpaka uvuke lango.

Watu wakampigia vigelegele. Akajibu na hilo pia.

Noelina alivua viatu. Walioshuhudia wanasema ndiyo dakika waliyoanza kuogopa. Alimsogelea, akamnong'oneza, lakini maikrofoni ikalichukua neno lake, na wauza kuku wote wakalisikia.

"Mzee wangu, hayo maneno matamu utampelekea nani, jogoo akifa?"

Kasirye alitazama ndani ya kioo. Jogoo alikuwa amefumba jicho. Mzee alitafuta kitufe cha kuzima, na hapo ikajulikana kwamba hakijui. Aliiwasha dukani na hakuwahi kuizima. Aligeuza, akatikisa, akaipa kijana, kijana akampa mwenzake. Mwishowe Robinah alitoka na kisu cha kukatia kuku, akafungua mfuniko wa nyuma, akang'oa betri mbili.

Spika likanyamaza. Kwa mara ya kwanza siku ile, malori yakasikika.

Noelina akabonyeza. Taa za gari zikapepesa, milango ikalia ta, na vijana wakaifungua yote. Jogoo alimwagiwa maji ya kunawia mikono ya Robinah, akajikung'uta, akasimama, akawika. Lukaya nzima ikalipuka. Madereva wa mabasi walipiga honi. Mwanamke mmoja aliyekuwa akisafiri kwenda Mbarara, asiyemjua mtu yeyote pale, alishuka akacheza.

Madereva hawakuridhika mpaka waone kwa macho yao. Walirudisha betri kwenye maikrofoni, gari likagoma. Wakazitoa, gari likakubali. Kasirye aliiweka ile maikrofoni mfukoni kama mtu anayeficha pipi aliyokatazwa.

Katika furaha hiyo Kiyimba alisahau. Amekulia Kampala, mila anazijua kwa kuambiwa, na moyo ulikuwa umemjaa. Alikizunguka kibanda mbio, mikono wazi, akaelekea mlango wa uani kumshukuru fundi.

Gorreti alizisikia hatua na akajua si za Noelina. Hakuwa na pa kukimbilia. Aliingia chini ya meza na gomesi lake jipya, akaangusha kopo la vibati, vikamwagika vyote. Noelina, peku, alimpita bwana harusi kwa kona, akajibanza mlangoni, akaliinua sinia kama ngao.

Kiyimba alisimama kama aliyegonga ukuta. Kisha, badala ya kurudi, alipiga magoti palepale, nje, kwenye manyoya ya kuku, na kanzu yake nyeupe.

"Mama," alisema, akielekea mbao za kibanda. "Sitakusogelea. Nimekuja kusema asante tu."

Gorreti anasema alikuwa amejiandaa kwa mengi siku ile, si kwa sauti. Binti yake alikuwa amemwambia kuhusu kazi ya kijana, kimo chake, dini yake. Hakumwambia kwamba ana sauti ya upole, na kwamba akiogopa inakatika katikati kama ya mtoto.

"Asante imepokelewa, mwanangu," alijibu kutoka chini ya meza. "Simama, unaichafua kanzu. Wazee wanakungoja."

Halafu, kwa kuwa hakuweza kujizuia, akaongeza kwamba betri aliyoweka ni nzuri, itadumu miaka miwili.

Ilibidi awahi kufika nyumbani kabla yao. Bodaboda ilikata njia ya mafunjo, maji yakamrukia hadi magotini, na alipoingia uani kwa nyuma, Matia alikuwa anamngoja. Alimtazama mikono. Gorreti aliinyoosha mbele yake, viganja chini. Ilikuwa imetulia kama meza. Matia ndiye aliyekuwa akitetemeka.

Wageni waliingia lango likiwa limesukumwa nusu. Yule baba mdogo alikuwa ameshashika komeo. Msemaji wa upande wa bibi harusi aliwataka waeleze kwanza kwa nini wamechelewa, na Mzee Kasirye, ambaye sasa alikuwa anazungumza kwa koo lake mwenyewe bila msaada wa umeme, alisema kwamba walipita njiani kumsalimia mama.

Mgeni humsalimia vipi mama kabla ya kuingia langoni? Noelina alianza kucheka yeye wa kwanza, akashindwa kujizuia, na ikabidi habari yote isimuliwe mbele ya mahema, tangu jogoo hadi meza. Wazee walicheka mpaka kofia zikawadondoka. Kisha wakawatoza wageni faini ya kreti tano za soda kwa kumtembelea mama mkwe kinyemela, na Kasirye akatozwa kreti nyingine peke yake, kwa kuuzidi sauti ufunguo.

Imelda aliolewa Desemba. Jogoo hakuchinjwa. Kaka aliyekabidhiwa, binamu yake Imelda, alisema ndege aliyepitia hayo yote apewe uzee mwema, na leo ana vifaranga wengi kwenye uwanja wa Matia.

Kwa Gorreti, siku ile ilileta wateja. Madereva waliokuwepo walibeba habari hadi Mbarara na Kabale, na kuna watu sasa wanawapita mafundi wa mijini ili waje kwake. Robinah alimwomba amfundishe, naye akakubali. Asubuhi, kabla mkaa haujashika, Robinah huketi upande wa pili wa meza akilehemu funguo mbovu za mazoezi. Wauza gonja wengine wawili wameomba nafasi, lakini kibanda hakiwezi kumeza watu wanne.

Ndiyo maana Gorreti ameanza kujenga. Kiwanja ni kidogo, nyuma ya kituo cha mafuta, na tofali zimefika usawa wa kiuno. Kutakuwa na benchi refu la wanafunzi, rafu za vipuri, na ukuta mmoja wa redio za Ssalongo Yowana, ambaye bado yu hai na ameahidi kuja kuzifufua angalau tatu. Anataka kufundisha wanawake wa barabarani, hasa wale ambao moshi wa mkaa umewachosha macho na vifua.

"Wana mikono mizuri," anasema. "Mtu anayegeuza kuku mia kwa siku bila kuunguza hata mmoja, huyo anaweza kulehemu."

Fundi mwashi anayemjengea alishangaa kuona kwenye mchoro kuna kidirisha ubavuni, kidogo, cha ukubwa wa sinia, kisichotazama barabara wala ua. Chini yake kuna ubao umechomoza ndani na nje. Alimuuliza ni cha nini, kwa kuwa hakileti mwanga wala upepo.

Gorreti alimjibu kwamba ana mabinti wengine wawili, na vijana wa siku hizi wote wanaendesha magari ya kubonyeza. Mwashi akaendelea kupanga tofali.

Tarehe ya kufungua duka haijapangwa, lakini mteja wa kwanza wa kidirisha ameshajiandikisha. Kiyimba amemtuma shangazi Noelina na ujumbe kwamba siku hiyo atakuja mwenyewe kutoka Kampala, ataweka ufunguo wake kwenye ubao, kisha atasimama upande wake wa ukuta azungumze na mama mkwe wake kidogo. Noelina alimwuliza ufunguo una shida gani.

Alisema hauna shida yoyote.